Sita au tisa? Jinsi upepo unavyomeza maneno ndani ya helmeti ya mwendesha pikipiki

Mwendesha pikipiki anayetoka Burundi kupitia Kobero na kuingia Tanzania upande wa Kabanga hulazimika kubadili jambo moja mara tu anapomaliza kugongewa muhuri: huacha upande wa kulia wa barabara na kushika wa kushoto. Kwa mtu aliye peke yake hilo ni suala la kujikumbusha. Kwa msafara wa pikipiki tano au sita, ni suala la mawasiliano. Anayetangulia ndiye anayeona lori lililoharibika kwenye kona, ng'ombe wanaovuka au shimo lililochimbika baada ya mvua, na ana sekunde chache tu za kuwaambia walio nyuma yake.

Ndiyo maana wasafiri wengi wa masafa marefu sasa hufunga ndani ya helmeti kifaa kidogo cha mawasiliano, kinachoitwa kwa kawaida intakomu. Kina spika mbili zinazokaa masikioni, maikrofoni moja karibu na mdomo, na kisanduku cha betri kinachobandikwa pembeni ya helmeti. Sauti husafirishwa kwa mawimbi ya redio, mara nyingi kwa mfumo wa Bluetooth, kutoka pikipiki moja hadi nyingine. Pikipiki zikiwa zimesimama mpakani, kila mtu humsikia mwenzake kama aliyeketi naye barazani. Zikifika kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Nyakanazi, kinachosikika ni ngurumo, na ndani yake vipande vya maneno.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili tatizo hilo lina ubaya wake wa pekee. Kiongozi wa msafara akitangaza kwamba kituo cha mafuta kiko umbali wa kilomita sita, anaweza kusikika akisema tisa. Maneno hayo mawili yameundwa kwa sauti zilezile nne, ila mpangilio wa konsonanti ndio umegeuzwa. Zikipotea konsonanti, zinabaki irabu mbili, i na a, na msikilizaji hukisia. Nne na nane nayo hayako mbali. Hatari zaidi ni viambishi: «nipite» na «sipiti» huonekana tofauti kabisa kwenye karatasi, lakini barabarani tofauti yao hubebwa na silabi ya kwanza fupi na irabu ya mwisho iliyo dhaifu. Mtu anayesubiri jibu hilo ili alipite lori hana nafasi ya kukosea.

Pumzi inayonguruma ukumbini

Ili kuelewa kinachotokea, tukumbuke tabia inayojulikana katika kila ukumbi wa harusi. Fundi wa mitambo hupuliza maikrofoni ili kuijaribu, na spika zote hutoa mngurumo mkubwa. Hata hivyo, mtu aliyesimama kando ya fundi huyo haisikii pumzi yake kwa kiasi hicho. Pengine hasikii kitu. Mngurumo haukuwa hewani. Umezaliwa pale pale kwenye maikrofoni.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sauti halisi ni mtetemo mdogo sana wa shinikizo unaosafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Upepo ni hewa yenyewe inayohama. Inapokutana na kizuizi, iwe ni ukingo wa helmeti, kidevu au maikrofoni yenyewe, mkondo wake hukatika na kuwa vizingia, yaani mafundo ya hewa yanayojizungusha kama maji nyuma ya nguzo ya daraja. Kila fundo linapopita juu ya kiwambo cha maikrofoni, yaani ule utando mwembamba unaotikiswa na sauti, hukisukuma au kukivuta. Maikrofoni haina akili ya kutofautisha. Kwake, msukumo ni msukumo.

Tofauti ya nguvu kati ya sauti na upepo inashangaza. Sauti ya mtu anayezungumza kwa nguvu, ikipimwa sentimita chache tu kutoka mdomoni, hutoa shinikizo la paskali 1 hivi, kiwango ambacho wataalamu hukiandika kama desibeli 94. Upepo unaokabili kitu kinachokwenda kilomita 50 kwa saa hukisukuma kwa takriban paskali 116. Mwendo ukiwa kilomita 100 kwa saa, shinikizo hilo hufikia takriban paskali 460, kwa kuwa halikui sambamba na mwendo bali kwa kipeo cha pili: mwendo ukizidi mara mbili, shinikizo huzidi mara nne. Si shinikizo lote hilo linalotikisika. Sehemu kubwa ni msukumo tulivu. Lakini hata asilimia 5 ya paskali 460 ni paskali 23, mara 20 na zaidi ya sauti ya mwenye kusema.

Anayeishi nyanda za juu anaweza kutumaini kwamba hewa nyepesi itampunguzia adha. Ni kweli kwamba hewa ya Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Sikio, hata hivyo, halitaona nafuu yoyote.

Kosa lisilorekebishika

Watengenezaji wa intakomu hupenda kusifu programu zao za kuchuja kelele, na wanunuzi wengi huamini kwamba kifaa cha bei kubwa kitamaliza tatizo chenyewe. Imani hiyo ina kasoro. Kila maikrofoni ina kikomo. Zile ndogo zinazotumika kwenye simu na vifaa vya aina hii huanza kuharibu sauti shinikizo linapofika kati ya desibeli 120 na 130, sawa na paskali 20 hadi 63. Upepo ukikivuka kikomo hicho, mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye maikrofoni hukatwa vichwa vyake, na neno lililosemwa wakati huo huwa limepotea. Hakuna programu inayoweza kulirudisha, kama vile hakuna fundi wa picha anayeweza kurudisha sura ya mtu katika picha iliyoungua kwa mwanga.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa na vitu vya kushikika kwa mkono, kabla umeme haujaingia, na kitu cha kwanza ni sponji.

Wengi huichukulia sponji ndogo nyeusi inayovishwa maikrofoni kuwa pambo au kinga ya vumbi. Ikipotea, hawaijali. Kumbe ndiyo ngome kuu. Sponji hiyo ina matundu yaliyounganika, hivyo mtetemo wa sauti hupenya bila shida, ilhali mkondo wa upepo hupunguzwa kasi ndani ya vijia vyake. Zaidi ya hapo, sponji huviondoa vizingia mbali na kiwambo: vurugu hutokea kwenye uso wa nje, na kwa kuwa uso huo ni mpana, msukumo wa upande mmoja hukutana na mvuto wa upande mwingine na kwa sehemu kubwa hubatilishana kabla haujafika katikati. Hii ndiyo sababu sponji kubwa hushinda ndogo. Ndiyo sababu pia wanahabari wanaorekodi kando ya Ziwa Tanganyika nyakati za upepo huvisha maikrofoni zao gamba kubwa lenye manyoya marefu. Ndani ya helmeti hakuna nafasi ya manyoya hayo, lakini kanuni ni ileile, na anayebadilisha sponji iliyochakaa au kupasuka mara nyingi hupata nafuu kubwa kwa gharama ndogo sana.

Mahali ni nusu ya dawa

Jambo la pili ni umbali kati ya mdomo na maikrofoni. Kila umbali huo unapopunguzwa kwa nusu, sauti ya msemaji huongezeka kwa desibeli 6 hivi, na kelele ya upepo hubaki ilivyokuwa. Maikrofoni iliyokaa sentimita 6 kutoka mdomoni ikisogezwa hadi sentimita 3, msemaji amekwisha kushinda kwa desibeli 6 bila kununua chochote. Wazoefu huiweka karibu kabisa na pembe ya mdomo, ikikaribia kugusa midomo. Hawaiweki katikati, kwa sababu pumzi ya mtu mwenyewe ni upepo pia. Herufi p na b zikitamkwa mbele ya maikrofoni hutoa mshindo unaofanana na kofi.

Aina ya helmeti huamua aina ya maikrofoni. Helmeti iliyofunika uso wote ina ukingo mbele ya kidevu, na ndani ya ukingo huo hubandikwa maikrofoni ndogo bapa yenye umbo la kifungo. Helmeti ya uso wazi, ambayo ndiyo ya kawaida kwa bodaboda wa Tanzania na Kenya, haina ukingo, hivyo hutumiwa maikrofoni yenye mkono mwembamba unaopindika. Hiyo ndiyo yenye mateso zaidi, kwa kuwa imesimama katikati ya upepo bila kinga. Atakayetaka mawasiliano mazuri kwenye barabara kuu hana budi kufikiria helmeti iliyofungwa, na faida yake hailingani na mawasiliano tu: taya na meno nayo yamo ndani ya kinga.

Hata helmeti iliyofungwa huvuja. Upepo mwingi huingia kwa chini, kati ya kidevu na shingo. Baadhi ya helmeti huuzwa pamoja na kitambaa cha kuziba nafasi hiyo. Wengine hutumia skafu iliyokunjwa vizuri, mradi isilegee na kupeperuka. Tundu la kupitishia hewa lililo mbele ya mdomo nalo huelekeza mkondo mwembamba moja kwa moja kwenye maikrofoni ya kifungo. Kulifunga ukiwa kwenye mwendo mkubwa na kulifungua mjini ni desturi nzuri, ingawa wakati wa baridi kioo cha uso kinaweza kuingia ukungu.

Kuna jambo ambalo huwashangaza wengi kuhusu kioo cha mbele cha pikipiki. Mtu hudhani kwamba kioo kirefu humpunguzia kelele. Mara nyingine ndivyo. Lakini ukingo wa juu wa kioo hukata mkondo wa hewa na kuutupa nyuma ukiwa umejaa vizingia, na vizingia hivyo vikifikia usawa wa helmeti, mambo huwa mabaya kuliko kutokuwa na kioo kabisa. Njia ya kujua ni rahisi: katika barabara iliyonyooka na isiyo na magari, dereva hujiinua kidogo juu ya kiti, kisha huinama kidogo. Kelele ikipungua anapoinuka, amejua kwamba kichwa chake hukaa ndani ya vurugu, na kioo kifupi zaidi kitamfaa.

Upepo wa ubavu hauna dawa ya namna hiyo. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale, kaskazini mwa Kenya, hupita Marsabit, kaunti ileile ambamo mitambo 365 ya upepo imesimikwa karibu na Ziwa Turkana. Upepo unaotosha kuzalisha megawati 310 haumwonei huruma mwenye pikipiki. Huko hata kifaa bora hunguruma, na misafara huamua mapema kutumia ishara za mikono na taa.

Maikrofoni yenye masikio mawili

Intakomu nyingi huja na maikrofoni inayotajwa kuwa ya kuondoa kelele. Siri yake ni matundu mawili, moja mbele na jingine nyuma ya kiwambo. Kelele inayotoka mbali, kama ya injini ya lori, hufika kwenye matundu yote mawili kwa nguvu sawa, ikakisukuma kiwambo pande zote mbili na kujibatilisha. Sauti ya mdomo ulio karibu huingia kwa nguvu zaidi kupitia tundu la mbele, hivyo husalia. Ndiyo maana maikrofoni hizo huwa na alama, mshale au nukta, inayoonyesha upande wa kuelekezwa mdomoni. Ikibandikwa kwa kugeuzwa ubavu, sauti ya msemaji ndiyo inayobatilishwa. Malalamiko mengi kwamba kifaa kipya ni kibovu huisha pale mtu anapoigeuza maikrofoni.

Lakini ujanja huu una upungufu ambao hautajwi kwenye maboksi. Kizingia cha hewa hakitoki mbali, na hakifiki kwenye matundu mawili kwa nguvu sawa. Kwa kweli maikrofoni ya namna hii huumizwa na upepo kuliko ile ya kawaida yenye tundu moja. Huondoa kelele ya injini, si ya upepo. Bila sponji yake ni bora isingekuwepo.

Vifaa vipya zaidi huufanya upungufu huo kuwa silaha. Vinaweka maikrofoni mbili kamili, sentimita chache baina yao, na programu hulinganisha kinachosikika kwenye kila moja. Sauti ya mtu hufika kwenye zote mbili ikiwa na umbo lilelile. Upepo hufika ukiwa na maumbo mawili yasiyohusiana. Kisichofanana hupunguzwa, kinachofanana huachwa.

Programu hufanya kazi nyingine pia: hukata besi. Nguvu nyingi ya upepo iko chini ya hezi 500, na zaidi huko chini kabisa. Sauti ya msingi ya mwanamume nayo hutetema kati ya hezi 85 na 180 hivi, na ya mwanamke kati ya 165 na 255. Kwa hiyo ukikata kila kilicho chini ya hezi 300 umeondoa sehemu ya mtu pia. La ajabu ni kwamba msikilizaji haikosi. Simu za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, na bado watu walimtambua baba kwa sauti yake nzito, kwa kuwa ubongo huijenga upya besi iliyokosekana kutokana na mitetemo ya juu inayoandamana nayo.

Ubongo, hata hivyo, hauwezi kujenga kila kitu. Konsonanti s hukaa juu, sehemu kubwa ya nguvu yake ikiwa zaidi ya hezi 4,000, nje ya mlango wa simu ya zamani. Konsonanti n nayo ina mvumo wa chini, karibu na hezi 300, pale pale ambapo upepo na kichujio hukutana. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, unaelewa kwa nini «ni» na «si» ndivyo vinavyopotea kwanza. Suluhisho la marubani na maaskari ni la zamani na halina teknolojia: wamejiwekea maneno marefu na yasiyofanana, na hurudia walichosikia. Msafara unaosema «hapana, usipite» badala ya «si» ya haraka, au «kilomita sita, yaani tano na moja», umejitengenezea kinga ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza.

Kuna pia maikrofoni za shingoni, zilizotumiwa na wanaanga na askari wa vifaru katika Vita Kuu ya Pili. Hukaa juu ya koo na kuchukua mtetemo wa nyama badala ya hewa, hivyo upepo hauzigusi. Udhaifu wake ni uleule: s, f na sh hutengenezwa mdomoni, si kooni, na hufika zimefifia.

Sikio nalo lina kikomo

Anayeshindwa kusikia huongeza sauti ya spika. Hapo ndipo usumbufu unapogeuka kuwa madhara. Kelele ya upepo ndani ya helmeti kwenye mwendo wa barabara kuu huweza kuzidi desibeli 90, na spika lazima iipite ndipo isikike. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu, hata kwenye desibeli 100 unabaki dakika 15. Safari ya Kahama hadi Singida ni ya saa nyingi. Kusikia kulikopotea kwa kelele hakurudi.

Vizibo vya masikio, vile vya povu laini vinavyouzwa katika maduka ya dawa na ya vifaa vya kazi, hupunguza upepo na spika kwa pamoja, na wengi hugundua kwamba maneno huwa wazi zaidi, kwa sababu sikio halijalemewa tena. Sheria za nchi kuhusu vitu vya masikioni hazifanani, hivyo ni busara kuuliza kabla ya kuvuka mpaka.

Onyo moja kwa mafundi: helmeti isitobolewe wala povu gumu la ndani lisikwanguliwe ili kupata nafasi ya waya au spika. Povu hilo ndilo linalopokea pigo kichwa kinapoanguka. Kifaa kisichoenea bila kuchonga si cha helmeti hiyo.

Kupima ni kazi ya watu wawili na nusu saa. Mmoja huendesha kwa kilomita 40, kisha 60, kisha 80, akisoma kupitia intakomu namba alizozichanganya bila mpangilio: sita, nne, tisa, nane, tisa, sita. Mwingine, akiwa nyuma yake kama abiria na helmeti yake mwenyewe, humwashiria kwa kidole kila anaposikia, na baada ya kusimama huandika alichokisikia. Kisha hubadilishwa kitu kimoja tu, sponji au mahali pa maikrofoni au kitambaa cha kidevuni, na jaribio hurudiwa katika barabara ileile na upepo uleule. Mvua ikinyesha, wasiendelee: sponji iliyolowa huziba sauti yenyewe, na inabidi ivuliwe, ikamuliwe na kuanikwa mpaka ikauke kabisa.